Fundi Hapana na gitaa lisilo na jina

KARATU, Mei 1985

Saa tisa alasiri mvua ya masika inapumzika kidogo, na Eliamani Nkya anafungua madirisha ya karakana yake ili gundi ipate hewa. Anafagia maranda kutoka kwenye benchi, anafuta mikono kwenye suruali, kisha anafanya jambo analolifanya kila siku kabla ya kufunga kazi. Analitungua gitaa lililoning'inia ukutani, analipangusa vumbi kwa kitambaa kikavu na kukaza uzi uliolegea. Halafu anaegemeza taya lake kwenye ubavu wa gitaa na kuugusa uzi huo kwa kidole.

Anasikiliza mpaka sauti iishie ndani ya mbao, kisha analirudisha mahali pake.

Ni gitaa la umeme katika mji usio na umeme. Mwili wake ni wa mninga mwekundu, umbo lake ni la yale magitaa ya zamani, yale ambayo wanamuziki wa Arusha walikuwa nayo wakati wa Uhuru. Kichwa chake kimefungwa kipande cha khanga, kama mtu anayeumwa jino. Halijawahi kuunganishwa na amplifaya hata mara moja, na hakuna aliyewahi kulipiga wimbo.

Wateja wanaokuja kuulizia milango na vitanda hulitazama na kutaka kujua kama linauzwa. Jibu ni moja tu: hapana.

Neno hilo limemkaa sana hata likawa jina lake. Hapa Karatu ukiuliza nyumba ya Eliamani Nkya watu watakuna vichwa, lakini ukisema Fundi Hapana hata mtoto atakuonyesha. Ni mtu wa Machame, alikuja huku kijana kufanya kazi za mbao kwenye mashamba ya kahawa ya Oldeani, akaoa, akabaki. Ukimpelekea ubao anaugonga kwa kifundo cha kidole, anaunusa, anautazama kwa jicho moja kutoka mwisho hadi mwisho, halafu anasema hapana. Majirani humtania kwamba hata harusini kwake mchungaji alikuwa na wasiwasi na jibu.

Huwa anacheka nao. Kwa habari ya gitaa lakini hacheki, na mkewe, Verediana, amewakataza watu kumtania nalo.

Aliyeliagiza, mwaka 1981, alikuwa kijana wa Kimaasai wa upande wa Wasso, mpigaji gitaa katika bendi ya hoteli moja iliyoko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Msomaji atavumilia: jina lake halitaandikwa hapa. Fundi ameomba hivyo, na sababu yake itaonekana mbele. Tumwite Mpigaji.

Mpigaji alianza hotelini kwa kufagia ukumbi. Huko ndiko alikoliona gitaa la mwanamuziki mmoja mzee, zito, la mbao tupu, lenye sauti nene isiyokuwa na haraka. Alipokua na kuingia bendi akapewa gitaa jipya la kiwandani, jepesi, lenye sauti ya bati. Akalivumilia mpaka siku alipoingia karakana ya Eliamani, akachuchumaa na kuchora kwa kidole, kwenye vumbi la mbao, umbo la gitaa alilolitaka.

Eliamani alikuwa hajawahi kutengeneza gitaa. Alikuwa amekarabati magitaa ya kwaya, basi. Lakini alilitazama lile umbo chini, na badala ya hapana akauliza lina uzito gani.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo sabuni yenyewe ilipangiwa foleni. Nani angeagiza vifaa vya gitaa kutoka nje, na mpaka wa Kenya umefungwa? Kila kipande kilibidi kitafutwe, na kila kilichopatikana kilibidi kipite kwa Fundi Hapana.

Kwa mwili, Mpigaji alileta mbao mpya kutoka kwa wapasuaji. Hapana, bado zina maji. Akaleta nyingine. Hapana. Mwishowe walipata kaunta ya duka la zamani lililofungwa Oldeani, mninga uliokauka miaka na miaka chini ya viwiko vya wateja. Eliamani aliugonga mara moja tu na kuanza kuupima.

Shingo ilitoka kwenye mti wa loliondo, mgumu, wenye nyuzi zilizonyooka. Mbao tatu zililetwa, mbili zikarudi zilikotoka, moja kwa sababu ya kifundo ambacho mtu mwingine asingekiona. Ubao wa juu wa shingo, ule wa kubonyezea nyuzi, ni mpingo kutoka kwa wachonga vinyago wa Arusha. Funguo za kukazia nyuzi zilitolewa kwenye gitaa lililovunjika la kwaya, na Eliamani alizizungusha moja moja jioni nzima, akizitenga zile zinazorudi nyuma zenyewe.

Kinasa sauti, kile kinachokaa chini ya nyuzi na kupeleka mlio kwenye amplifaya, kilitengenezwa na Josephati, fundi redio wa hapa mjini, kwa sumaku ya spika kongwe na waya mwembamba kama unywele. Alikisuka mara tatu. Mara mbili aliambiwa neno mnalolijua, na mara ya pili, anasema Josephati, nusura waache kusalimiana.

Malipo yalikuwa mtamba. Mpigaji alikwenda kwao, akazungumza na mama yake, Naisenya, na mama huyo akatoa mtamba mweusi mwenye baka jeupe tumboni, kutoka katika ng'ombe wa nyumba yake. Kwa hiyo gitaa lilikuwa la kijana, lakini lilitoka kwa mama. Eliamani anapenda hilo lieleweke.

Mwanzoni mwa mwaka jana kazi ilikaribia kwisha. Kilibaki kidaraja, kile kipande kidogo kinachokaa chini ya kichwa cha gitaa, ambacho nyuzi zote sita hupita juu yake. Mpigaji alikuwa nacho cha plastiki. Watalii walikuwa wamemwachia hata nyuzi mpya. Gitaa lingeweza kulia jioni ile ile.

"Plastiki inameza sauti," anasema Eliamani. "Nikamwambia hapana, tafuta mfupa. Na usiwe wa buchani, ule una mafuta. Uwe wa zamani, umekaushwa na jua. Akacheka sana. Akaniambia, fundi, kwetu hiyo ndiyo kitu haikosekani."

Akaenda Wasso kuufuata. Masika yalikuwa yamechanganya. Wakati wa kurudi, lori alilopanda liliingia korongoni maji yakiwa yanaonekana madogo, na mengine yakaja kutoka juu. Wengine walitoka. Yeye hakutoka.

Utingo wa lori hilo ndiye aliyefika karakana akiwa ameshika mfuko uliolowa. Alisema njia nzima marehemu alikuwa akiwasimulia abiria habari za fundi mmoja wa Karatu asiyeridhika, na kwamba safari hii ataridhika. Ndani ya mfuko mlikuwa na shati la bendi na mfupa wa paja la ng'ombe, mweupe, mkavu, usio na ufa.

Ulikuwa mfupa mzuri kuliko wote aliowahi kuushika, anasema Eliamani. Halafu anaelekeza kidevu barabarani, upande wa bucha.

"Mifupa ilikuwepo pale. Ningeuchemsha mwenyewe, nikauanika mwenyewe juu ya bati. Nani angesikia tofauti? Ni mimi tu."

Kwa wiki kadhaa hakugusa kazi yoyote. Verediana anasema alikuwa akikaa na chai mpaka inapoa, kisha anaimwaga. Siku moja alisimama akaingia karakana, akaukata mfupa, akachonga kidaraja, akafunga nyuzi. Gitaa likaisha. Alikuwa ameamua limwendee mama aliyelilipia.

Lakini mfupa ulibaki. Hakuweza kuutupa, na hapo ndipo wema wake ulipomponza.

Kwao Machame marehemu huzikwa kihambani, kwenye shamba la migomba la ukoo, karibu na nyumba, na jina lake huandikwa kwenye sementi ya kaburi ili wajukuu walione. Kuliacha kaburi bila jina ni kumtupa mtu. Kwa hiyo Eliamani alichukua mfupa uliobaki, akachonga kwa tupa ndogo herufi za jina la Mpigaji, moja baada ya nyingine, akazizamisha kwenye kichwa cha gitaa mpaka zikawa sawasawa na mbao. Akazisugua kwa msasa laini na kupaka vanishi. Anasema hiyo ndiyo kazi safi kuliko zote alizowahi kufanya, na aliyeiona, Josephati, anakubali.

Septemba Naisenya alifika. Alikuja na binti yake, Naipanoi, msaidizi wa wauguzi katika zahanati moja hapa Karatu, aliyekuwa anamfasiria, kwa kuwa mama Kiswahili chake ni kidogo. Eliamani alivaa shati la kanisani. Alimwamkia kwa Kimaasai, "Yeyo, takwenya," naye akaitikia. Verediana akaleta chai ya maziwa ya yule yule mtamba wake, aliyekuwa ameshazaa.

Mama alilipokea gitaa magotini. Naipanoi anakumbuka kwamba alilishika vizuri, akapitisha kiganja kwenye mninga, akakigusa kile kidaraja cha mfupa kwa ncha ya kidole. Alikuwa anaanza kutabasamu. Eliamani, akijua kwamba mama huyu hasomi, akainama, akaweka kidole kwenye herufi ya kwanza, akazifuata zote na kulitamka lile jina kwa sauti.

Mkono wa mama ulisimama. Aliliweka gitaa juu ya benchi polepole, akavuta shuka lake mpaka usoni, akatoka.

Kwa Wamaasai wengi wa rika lake, kijana akishakufa jina lake halitajwi tena. Watasema yule, au mtoto wa fulani. Hata mwenye jina kama hilo nyumbani huweza kubadilishiwa. Huko si kumsahau, Naipanoi alimweleza fundi baadaye huku wote wawili wakilia; ni namna ya kumwacha apumzike na kuwaacha waliobaki wapate usingizi. Tangu msiba ule mama yao alikuwa hajalisikia jina la mwanawe. Alilisikia kwa mara ya kwanza karakanani, mbele ya chai, kutoka kwa mtu aliyempenda kijana wake.

Kabla ya kuondoka, mama alimpa binti maneno ya kumfikishia fundi.

"Alisema hivi," anasimulia Naipanoi. "Mwambie kazi yake ni nzuri sana. Lakini amemwita mtu ambaye hawezi kuitika."

Eliamani alizing'oa herufi zile kwa patasi siku ya pili. Zilikuwa zimeshika vizuri, na kila moja ilitoka na kijipande cha mbao. Pamebaki shimo kichwani mwa gitaa, refu, la kina cha ukucha, nalo ndilo linalofunikwa na khanga. Herufi zimo ndani ya kopo la kahawa juu ya kabati. Hajui pa kuziweka, na hathubutu kuuliza.

Bendi ya hoteli imekuja kulitaka gitaa zaidi ya mara moja. Wana jenereta, wana amplifaya, wana mpigaji mpya mwenye vidole vyepesi. Amewaambia si lake. Tangu Desemba kazi za vitanda zimepungua, mbao zimepanda bei, na ada ya binti yake Christina imekwama, lakini jibu halijabadilika.

Kuna jioni Verediana alishauri wamrudishie mama ndama wa yule mtamba, ili mioyo itulie. Naipanoi akawazuia. Kurudisha ng'ombe, alisema, ni kusema urafiki umekwisha, na mama hajasema hivyo. Mama anauliza kila mara kama ng'ombe yule anatoa maziwa.

Hayo maziwa ndiyo yaliyomo kwenye kikombe cha Eliamani wakati tunazungumza. Amekunywa nusu.

Shimo lile linaweza kuzibwa kwa saa moja. Ana mabaki ya mpingo yanayong'aa, ana mninga wa kaunta ile ile, na Josephati amempa kipande cha shaba nyekundu cha kuvutia macho. Amevipanga vyote kwenye benchi mara nyingi, akaviangalia, akavikusanya. Si kwamba havifai.

Njia ya Wasso ikikauka, pengine mwishoni mwa Juni, atapanda lori na Naipanoi wakapite korongo lile lile. Gitaa litakuwa limefungwa blanketi, na patasi, gundi na msasa vitakuwa mfukoni. Hatamwomba mama alichukue wala hatazungumza habari za kijana. Atafunua khanga, amwonyeshe lile shimo, na amwombe achague yeye mwenyewe cha kuweka hapo. Kiwe mti, kiwe pembe, kiwe ngozi. Atakiweka mbele yake, kisha mama aamue kama gitaa libaki nyumbani kwake au liende kwa watakaolipiga.

Namuuliza itakuwaje akipewa kitu kibaya, tuseme kijiti kibichi kilichookotwa nje ya boma, kitakachosinyaa na kuanguka kabla ya mwaka kwisha.

Anaitazama khanga pale ukutani.

"Nitasema ndiyo," anasema Fundi Hapana. "Na kikianguka nitarudi tena anichagulie kingine."