Wiki ya Kupumzisha Miguu

Kupumzika sikufundishwa na mtu. Nilianza maisha kwa kubeba magunia ya tangawizi mgongoni, kutoka mashambani kule juu mlimani hadi pale gari linapofika, na leo gari linalofika pale ni langu. Shule niliishia la saba. Kwa hiyo daktari wa viungo aliponiambia kwamba ili nikimbie marathoni ya Moshi inabidi kwanza niache kukimbia, nilimwangalia kama mtu anayetaka kuniuzia tangawizi iliyooza.

"Baba, kazi umeshaifanya," alisema, huku akibonyeza shavu la mguu wangu wa kushoto. "Huu msuli ulichanika, na umeunga juzijuzi tu. Punguza mbio kila siku. Wiki ya mwisho tembea kidogo, kula, lala. Ukichanika tena, marathoni utaiangalia kwenye televisheni."

Msuli wenyewe niliuchana barabara ya Kisiwani, nikishindana na kijana wa bodaboda aliyebeba mikungu ya ndizi. Nilimpita, hilo lijulikane. Kisha nikakaa chini kando ya barabara, na yeye huyohuyo ndiye aliyenirudisha Same, juu ya ndizi zake. Wiki nyingi nilichechemea dukani kwangu. Na soko zima nilikuwa nimeshalitangazia kwamba nakimbia, hadi fulana nimechapisha. Nisipokimbia, Same nitahama.

Wiki ya mwisho ilipofika nilishindwa kukaa. Miguu iliwasha. Mke wangu akachoka kuniona nazunguka uani. "Nenda kwa mama mlimani," akasema. "Kule hakuna lami ya kukutamanisha."

Nikapanda. Jioni ileile nikiwa nakula kwa mama, pembe ya mbiu ikalia. Msaragambo kesho: kila nyumba itoe mtu wa kuchimba tope kwenye ndiva, lile bwawa letu la kumwagilia mashamba. Asubuhi mama akanipa jembe bila kuniuliza. Kwetu hakuna mtu mkubwa mbele ya msaragambo.

Msimamizi, mzee mwembamba aliyekwishaingia topeni hadi magotini, aliniona nimesimama ukingoni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mbona jembe umelishika kama fimbo ya kutembelea?"

"Mzee, mimi leo sichimbi. Napumzika."

"Unaumwa?"

"Siumwi."

"Umetoka kazini?"

"Hapana. Napumzika ili nikimbie Jumapili."

Akageukia wenzake. "Jamani, njooni mmsikie huyu. Anapumzika kabla ya kuchoka."

Ndiva nzima ikacheka.

"Nitatoa mbuzi, mzee," nikasema. "Faini yangu, mapema kabisa."

"Faini ni ya asiyekuja. Wewe umekuja, tena umeshiba."

"Mwacheni tajiri," akasema mmoja tuliyekua naye. "Siku hizi miguu yake ni ya kuchapisha kwenye fulana."

Hapo ndipo uanaume uliponipanda. Nikavua viatu nikaingia. Nilipiga majembe machache, na kwa kweli niliyapiga vizuri kuliko wote, lakini nilipotaka kuchomoa mguu, tope likaushika. Shavu la mguu likavuta. Lilivuta kidogo tu, kama mtu anayekugusa bega kukuambia umesahau kitu.

Nimebeba mizigo mingi maishani, ila sijabeba mzito kama kutoka kwenye lile tope mbele ya watu wote wale.

Aliyeniokoa ni mke wa binamu yangu, aliyekuwa akichochea kuni chini ya sufuria la makande. "Shemeji, njoo huku. Huku moshi utakutoa machozi, lakini msuli hauchaniki."

Nikakaa kwenye kigoda, mwiko mkononi, miguu nimeinyoosha kama mfalme, nikikoroga mahindi na maharage hadi mchana. Kila aliyepita alitupa neno lake. Nikajibu yote. Jioni msuli ulikuwa kimya.

Jumapili nilikimbia Moshi, mwanzo hadi mwisho, na vijana wengi niliwaacha wamekaa kando ya barabara wakijimwagia maji. Kuna bibi mmoja wa mvi alinipita karibu na mwisho. Hilo halikuwa la lazima kuandikwa, lakini nimeshaliandika.

Baada ya mbio nikapanda mlimani na medali. Kazi ya ndiva haikuwa imekwisha, pembe ikalia tena. Nilifika pale nikishuka kijimteremko kinyumenyume, maana mapaja yalikuwa yamekuwa magogo. Mzee aliipima medali mkononi, akanirudishia.

"Leo umechoka?"

"Nimechoka sana, mzee."

"Haya. Leo unayo sababu. Nenda kwenye sufuria."

Nikaenda. Na makande yangu, muulize yeyote kule juu, hayajapata mpinzani hadi leo.