Bei ya Waini ya Shangazi

Mtanisamehe mwandiko. Niliishia darasa la nane, na mkono wangu ni mzito. Neno likinishinda kuliandika nalipita, natafuta jingine. Makosa mtakayoyaona ni yangu, lakini mambo yenyewe yalitokea.

Shangazi yangu, dada ya baba, alikwenda Italia kumtunza bibi kizee ambaye miguu yake ilikuwa imekataa. Kijiji chenyewe kilikuwa cha wakulima wa zabibu. Siku moja alitutumia picha kwa simu. Ameketi mezani, mbele yake sahani ya samaki wadogo wa kukaanga, mkononi glasi ya waini nyeupe, na anacheka. Nadhani alitaka tuone kwamba ameshiba.

Picha hiyo ilizunguka kijijini kwetu Kanduyi. Kila aliyejua bei ya chupa ya waini huku kwetu alipiga hesabu yake.

"Huyo anameza mbuzi mzima kila jioni," jirani mmoja alisema, "na mama yake analala chini ya mabati yanayovuja."

Huyo mama ndiye nyanya yangu, tunamwita Kukhu, na maneno hayo aliyasikia. Ni mtu wa kanisa, pombe aliiacha kabla sijazaliwa. Tangu hapo shangazi akipiga simu, Kukhu alikuwa akiniambia niseme yuko shambani.

Shangazi alirudi mgonjwa, na saratani ya tumbo. Hospitali ilipofika mwisho wa uwezo wake, alirudishwa kwa Kukhu. Kukhu alimwogesha, alimpikia uji, alimgeuza kitandani. Ila hakuzungumza naye zaidi ya mambo ya uji.

Nilipokwenda kumwona, shangazi aliniambia, "Kufa siogopi. Naogopa kufa mama akiamini nilikunywa nyumba yake."

"Si umwambie?"

"Nimemwambia. Nimemwambia huko ilikuwa rahisi kuliko soda. Alinitazama vile unamtazama mtoto anayesema hajala sukari, na sukari iko mdomoni."

Nilicheka, naye akacheka akishika tumbo. Ukweli ni kwamba hata mimi sikumwamini. Nafanya kazi Kitale katika duka la vinywaji, napanga chupa na kupanguza vumbi. Waini kwetu hukaa rafu ya juu, na wanaoichukua ni watu wa harusi au watu wenye gari. Inawezaje kuwa rahisi kuliko soda?

Mwenye duka ni mama ambaye wazazi wake walitoka Mkoa wa Kati wakaja Trans-Nzoia kulima. Ni mwema, ila ana sauti kubwa, na mimi sauti kubwa hunifunga mdomo. Swali nilikaa nalo siku nyingi. Nilipoliuliza hatimaye, aliweka chini kikombe chake cha chai.

"Kumbe wewe huongea? Basi leo mvua itanyesha." Halafu akanieleza. "Wakati wa mavuno hapa, si huwa unaona watu wakibembeleza wanunuzi wa mahindi? Sasa yapeleke Lodwar, kule jangwani, uone bei. Ni mahindi yale yale, lakini yamelipa lori, yamelipa wapakiaji, yamelipa kila mkono njiani. Waini nayo imevuka bahari. Imelipa meli, imelipa bandari, imelipa ushuru wa forodha, na juu yake ushuru wa pombe. Na huo wa pombe unapima lita, hauulizi kama ni waini ya tajiri ama ya kibarua. Kwa hivyo ile rahisi ndiyo inaumia zaidi. Nchi zingine zinazoitengeneza hazitozi ushuru huo hata kidogo. Wanaihesabu chakula."

"Kwa hivyo kibarua anaweza kuinunua?"

"Huko? Kibarua ndiye anakunywa. Halafu na mimi naongeza yangu hapa, nilipe leseni na wewe ule."

Jumamosi hiyo aliniuzia chupa ya Afrika Kusini, ya chini kabisa, kwa bei aliyoinunulia. Nilifika Kanduyi nikiwa nimeificha ndani ya sweta.

Kukhu alikuwa shambani. Shangazi aliniagiza niifunge kwa gunia lililoloweshwa, niiweke kivulini ndani ya karai la maji ya kisima. Nikakaanga omena, wale samaki wadogo wa ziwani, hadi wakakauka. Kule kijijini Italia, shangazi alisema, wakulima wana ghala lao la ushirika lenye bomba la waini, unakwenda na mtungi wako unapimiwa, kama sisi tunavyopimiwa mafuta ya taa. Glasi moja ya mchana, na samaki, kisha anaosha vyombo.

Nilionja. Mwanzoni ilikuwa kali, kama pera ambalo halijaiva vizuri. Nikala omena, nikanywa tena, na yale mafuta yakakatika ulimini, mdomo ukawa safi kama wa asubuhi. Nilielewa kwa nini mtu angeketi na glasi hiyo akacheka.

Kukhu alitukuta hivyo. Sijui nguvu nilizitoa wapi. Nikitazama sakafu, nilimweleza habari ya Lodwar na lori, polepole, maana yeye ameuza mahindi sokoni Ndalu miaka yake yote na bei ya shambani anaijua.

"Na huko alikokuwa," aliuliza, "ndiko shambani kwenyewe?"

"Ndiko shambani kwenyewe, Kukhu."

Aliingia jikoni, akachochea moto. Aliporudi alikuwa na birika la maji ya moto.

Kwetu busaa, pombe ya mahindi na wimbi, hunywewa katika chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu, na mwanamke wa nyumba ndiye huongeza maji ya moto chungu kisipoe. Kumwachia mgeni chungu kipoe ni kumwambia aende zake. Kukhu aliinama akamimina maji ya moto katika glasi ya shangazi, hadi juu. Ule ubaridi tuliolinda tangu asubuhi ukaisha. Nilifungua mdomo, shangazi akanifinya goti.

Shangazi akanywa.

"Imepoa?" Kukhu aliuliza.

"Hapana, mama. Iko sawa."

"Basi kunywa. Ukimaliza nitaongeza."

Shangazi alikufa kabla mahindi hayajabeba. Zile wiki zilizobaki walizungumza, lakini hazikutosha. Alikuwa akichoka haraka, na mengi Kukhu hakuwahi kuyauliza. Sasa ananiuliza mimi, wakati tunapukuchua mahindi, na mimi huko sijawahi kufika.

Kwa hiyo naomba mniandikie, nyinyi mlioishi huko Italia ama mlio na dada huko. Anayemtunza mzee huketi naye meza moja, ama hula baadaye peke yake jikoni? Kukhu anataka kujua miaka hiyo yote mtoto wake alikuwa akila na nani. Nitamsomea kila mtakachoandika.