Siku Kumi na Tano za Hamduni Mochwari

Ebenezer ana duka la steshenari Maji ya Chai, kando ya barabara ya Moshi, na kazi anayojulikana nayo si kutoa kopi bali vitabu vya ratiba ya mazishi. Familia huja na picha na jina. Yeye hukaa nao, huuliza, kisha huandika wasifu wa marehemu: kuzaliwa, kubatizwa, shule, kazi, ndoa, kuugua, mauti. Anaandika vizuri. Nilisikia wasifu wake mmoja ukisomwa Makumira, na wanaume waliokuwa wakiongea nyuma ya turubai waliacha kuongea.

Jumapili mchana, baada ya ibada, duka hufungwa mbele na kufunguliwa nyuma. Ndani kuna meza, viti vinne, chupa ya chai, na dadu za pande ishirini ambazo mwalimu mmoja wa kujitolea aliziacha alipoondoka nchini. Mchezo wenyewe hauna ubao. Kila mchezaji ana mtu wake wa kubuni, na jina la mtu huyo, nguvu zake na vitu vyake vimeandikwa kwenye karatasi moja. Mchezaji husema mtu wake anafanya nini, dadu huamua kama ameweza, na Ebenezer, ambaye ndiye msimulizi, hueleza kilichotokea. Dadu ikikataa vibaya, mtu hufa.

Kufa ndiko kunakovunja meza nyingi. Katika miji mingine nilikoukuta mchezo huu nimeona msimulizi akificha dadu ili kumwokoa rafiki, na nimeona mtu mzima akichana karatasi yake na kuondoka bila kuaga. Ebenezer ana sheria mbili: dadu hurushwa mbele ya wote, na lililosemwa mezani halifutwi. Zaidi ya hizo ana desturi. Susana, nesi wa zahanati, alipofiwa na mtu wake wa kwanza alinuna wiki nzima. Ebenezer akamwambia amwandikie wasifu. Ukasomwa watu wamesimama, ratiba imechapwa, picha imechorwa kwa penseli, kisha chai. Susana alilia kidogo, akacheka, akaomba karatasi mpya. Yiamat, mwanafunzi wa chuo, alipofiwa na wake alifanyiwa vivyo hivyo. Basi ikawa ndivyo wanavyofanya.

Mchezaji wa tatu ni Luqman, muuza spea za baiskeli Kaloleni, mjini Arusha. Alisoma sekondari darasa moja na Ebenezer, na ndiye aliyecheza naye tangu walipokuwa wawili tu. Mtu wake aliitwa Hamduni, mlinzi wa madaraja, na alikuwa ameishi miaka mitatu. Nchi ya kwenye mchezo ni ya milima, haina kanisa wala msikiti, lakini Luqman alimfanya Hamduni atawadhe kabla ya kila safari, na wenzake walikuwa wakimsubiri.

Hamduni alikufa Jumapili ya kwanza ya Juni, akishikilia kamba ya daraja lililokuwa likikatika ili mtu wa Susana avuke. Luqman alirusha dadu mwenyewe. Ilitoka moja, namba mbaya kuliko zote.

"Basi," alisema Luqman. "Kafa."

"Kafa kiume," alisema Susana.

Yiamat hakuwepo. Alikwenda Longido kwenye harusi ya binamu yake. Ebenezer aliichukua karatasi ya Hamduni, akaitia kwenye bahasha na kuiweka kwenye droo ya mashine ya kukatia karatasi.

"Tunamweka mochwari mpaka Yiamat arudi," alisema. "Hatuwezi kuzika mtu nusu ya ndugu hawapo."

"Mochwari gani? Kule milimani kuna mochwari?"

"Tangu leo ipo."

Susana alicheka. Luqman alifunga begi lake, akasema ana safari ndefu.

Jumapili iliyofuata Susana alikuwa zamu, mazishi yakaahirishwa. Luqman alipoambiwa kwa simu alisema sawa. Jumapili ya tatu walikuwepo wote isipokuwa yeye, na wasifu wa Hamduni, ambao Ebenezer alikuwa ameuandika mwenyewe, kurasa mbili, haukusomwa. Jioni kundi lao la WhatsApp lilionyesha kwamba Luqman ameondoka.

Ebenezer alielewa jambo hilo kama ambavyo msimulizi yeyote angelielewa: rafiki yake ameshindwa kumwacha Hamduni. Akaamua kuvunja sheria yake kwa mara ya kwanza. Angempata mganga mle milimani, Hamduni angeamka. Jumatatu alifunga duka saa nne, akaenda Kaloleni.

Salwa, mdogo wake Luqman, alikuwa kwenye kaunta akipanga minyororo.

"Shikamoo kaka Ebenezer."

"Marahaba. Kaka yako yupo?"

"Yupo. Ila amekasirika, nakuambia mapema."

Luqman alitoka nyuma akifuta grisi mikononi. Ebenezer alimweleza habari ya mganga mpaka mwisho.

"Nani kakuambia namtaka mzima?" aliuliza Luqman. "Nilirusha mwenyewe. Moja ni moja."

"Sasa tatizo nini?"

"Leo siku ya ngapi?"

Ebenezer alihesabu. "Kumi na tano."

"Siku kumi na tano mtu yuko kwenye droo. Baba yangu alifariki asubuhi, alasiri tukawa tumerudi makaburini. Wewe ulikuwepo, ulibeba jeneza. Uliona tunamsubiri mtu wa Longido?"

"Ile ni karatasi, Luqman."

"Kama ni karatasi, yule wa Susana mlimlilia nini?"

Salwa alisema, bila kuinua kichwa, kwamba hilo ni swali. Ebenezer ameandika wasifu wa mamia ya watu, wengi wao wakiwa wamelala wiki nzima kwenye baridi wakisubiri mtoto wa Mwanza au wa Marekani, na kwake kusubiri ndiyo heshima yenyewe. Haikumjia kwamba mezani kwake alikuwa na mtu ambaye kwake kusubiri ni aibu.

"Ungesema siku ile," alisema.

"Mlikuwa mnacheka."

Mteja aliingia kuulizia valvu. Luqman alimhudumia, mteja akatoka.

"Unataka nini?" aliuliza Ebenezer.

"Azikwe siku ileile. Kabla ya jua kuzama. Na dua sitaki, dua si mchezo. Azikwe tu."

Lililosemwa mezani halifutwi, na mochwari ilikuwa imesemwa mezani. Ebenezer alikaa juu ya kreti la soda.

"Mochwari haikuwepo," alisema. "Niliropoka. Jua lilikuwa bado juu ya korongo. Aliyevuka alirudi kwa njia ya chini, akamkuta kwenye changarawe."

"Nani alimbeba?"

"Mtu wa Susana, na mwenye punda aliyekuwa akipita."

"Changarawe ni ngumu. Walichimba na nini?"

"Na jembe la huyo mwenye punda. Upande wa juu, maji yasikofika. Walimaliza kivuli kikiwa hakijafika kaburini."

"Nani alisema maneno?"

"Hakuna aliyesema."

Luqman alitikisa kichwa kukubali, akarudi nyuma kwenye baiskeli aliyokuwa akiitengeneza. Ebenezer aliondoka na kopo la grisi ambalo hakulihitaji. Zile kurasa mbili za wasifu, alizokuwa nazo mfukoni, alizichana njiani.

Jumapili iliyofuata nilikuwepo. Luqman alifika wa mwisho. Yiamat alipoambiwa yaliyotokea alilalamika kwa muda mrefu: mtu aliyemwokoa mara mbili amezikwa bila yeye kutupa hata konzi moja ya udongo, bila kusomewa, bila chochote.

"Kaburi lipo," alisema Luqman. "Siku ukipita, simama."

"Nitapitaje kama daraja limekatika?"

"Hilo muulize Ebe."

Ebenezer alisema daraja litajengwa, ila litachukua miezi. Luqman alikuwa ameshavuta karatasi mpya, na akauliza kama katika nchi ile kuna wauza chumvi.