Fito za Mnara wa Maji

Jumapili ile mama mkwe alikuja kutoka Kisoko kunitembelea mara ya kwanza tangu niolewe. Jina lake ninalo hadi leo, na majina ya wote tuliokaa nao katika kambi ya wafanyakazi, ila siyaandiki.

Wakati huo wa Mwingereza mume wangu alitunza injini ya jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, huku Busia. Mvua ilikuwa imelowesha kuni zangu zote, na maharage yanakula kuni, mnajua. Nyuma ya jiko nikaona fungu la fito nyembamba, kavu, zimekwanguliwa safi. Nikamshukuru Mungu, nikawasha.

Mimi na mama mkwe tulikuwa tunakula mume wangu alipoingia.

"Fito zangu ziko wapi?"

"Fito gani?"

"Za mnara! Nimezikwangua utelezi tangu jana!"

Nikatazama jikoni. Majivu. Tonge likanidondoka.

Akaeleza. Maji ya kupoza injini yanatoka yamechemka, yanapandishwa juu ya ule mnara wa mbao, yanashuka yakitawanyika fito hadi fito, upepo unayapiga, yanafika chini yamepoa na kurudi kwenye injini. Bila fito yanarudi moto, injini inakufa.

"Na kesho asubuhi msimamizi anawasha. Pamba imejaa hadi barabarani. Atanifukuza mbele ya watu wote!"

Na mimi kila siku napita pale nikidhani ni bafu la wazungu!

Mama mkwe akanawa mikono. Sikuthubutu kumtazama usoni.

"Mwanangu, lete panga."

Nikajua nimekwisha. Lakini alinipita, akaenda moja kwa moja kwenye ghala letu jipya la wimbi, lililojengwa kwa fito, akaanza kukata kamba.

"Mama! Ghala!" nikapaza sauti.

"Wewe umechoma injini, mimi navunja ghala. Shika huku."

Tukatoa fito, tukazimenya hadi jua likazama, mume wangu akizipanga mnarani.

Asubuhi injini ikanguruma, haikuzima. Mume wangu akashika mkono wangu, akautumbukiza kwenye tangi la chini. Hapo nilishtuka kuliko nilivyoshtukia yale majivu. Maji niliyoyaona yakipanda na mvuke wake yalikuwa yamepoa kama ya mtungini. Vijiti tu, jamani!

Wimbi letu lililala chini ya kitanda msimu mzima. Na mama mkwe, kila alipokuja tena, alisimama mlangoni na mzigo kichwani:

"Nimekuja na kuni zangu, mwanangu. Za mwanamume usiguse."