Programu Yenye Suti Mia Tatu

Binti yangu wa mwisho alikuwa anamalizia masomo ya upigaji picha katika chuo kimoja Songea, na mtihani wake mkubwa ulikuwa picha ishirini. Akifaulu, anahitimu. Akifeli, anarudia mwaka mzima. Alinieleza hivyo mara tatu, kwa sauti ya mtu anayeongea na kiziwi, nami nikamjibu mara tatu kwamba nimesikia.

Alikuja nyumbani Mbinga na karatasi ya mwalimu wake yenye majina mawili ya programu za kuhariri picha. Moja ni ya kulipia kila mwezi, kwa bei ya mwanafunzi. Nyingine ni ya bure na halali, na hiyo mwalimu aliipigia mstari.

"Kila mwezi mpaka lini?" nikauliza.

"Mpaka nisipoihitaji, Baba."

"Basi hiyo ni kodi ya pango. Nimejenga ili nisipange."

"Tuchukue ya bure. Mwalimu mwenyewe anaitumia."

"Huyo huyo tunayemlipa ada? Kitu cha maana nani atakupa bure?"

Akaikunja karatasi akaitia mfukoni. Sikuomba hata kuiona tena.

Ujuaji wangu ulikuwa na chanzo. Kwa miaka mingi nilikuwa na kamera ya filamu, nikipiga komunyo ya kwanza na harusi kutoka Kigonsera mpaka Mbinga mjini. Nilijiona mtaalamu. Na huku kwetu mtu akifariki, familia hutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza, na mara nyingi inapatikana moja tu, ya kikundi, marehemu akiwa na fulana ya shambani. Fundi humkata humo, humvalisha suti na tai kwa kompyuta, humng'arisha uso, humbandikia anga la buluu nyuma. Hakuna anayeuliza suti imetoka wapi. Kwangu mimi kuhariri picha kulikuwa ni huko, na hakukuwa na kwingine.

Nikampeleka binti yangu kwa fundi mmoja mwenye duka la vifaa vya ofisi karibu na stendi.

"Hii yangu unalipa mara moja, mzee. Unaitumia mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Basi mpaka tukuzike!"

Tukacheka sisi wawili. Binti yangu akauliza, "Inafungua picha mbichi?"

Picha mbichi ni ile inayotoka kwenye kamera kabla kamera haijaipika, ikiwa bado na mwanga na vivuli vyake vyote, ili mpiga picha aipike mwenyewe. Kamera ya chuo ilitoa hizo, na mtihani ulidai hizo. Mimi sikulijua hilo. Fundi naye nadhani hakulijua, maana hakumtazama aliyeuliza, alinitazama mimi.

"Inafungua kila kitu. Na ina suti mia tatu."

"Nani kakuuliza suti?" binti yangu akasema.

"Dada, mteja wangu ni mzee."

"Mheshimu fundi," nikamwambia binti yangu, mbele ya watu.

Fundi aliiweka programu kwenye kompyuta niliyoinunua baada ya mavuno ya kahawa, akatuonya tusiongeze nyingine, eti zitagombana na mashine itakufa. Nikaligeuza onyo lake kuwa amri ya nyumba.

Binti yangu akateremka ziwani, akakaa wiki nzima kwa shangazi yake Mbamba Bay, akipiga picha za kina mama wanaoanika usipa, dagaa wa huko ziwani. Aliporudi alinionyesha kwenye kioo kidogo cha kamera. Nikaisogeza karibu na macho. Kulikuwa na mama mmoja ameinama juu ya chanja, jasho linang'aa kwenye paji lake jeusi, mikononi wale samaki wadogo wanametameta, na nyuma yake ziwa lina rangi ya bati kwa sababu ya wingu. Katika miaka yangu yote sikuwahi kupiga picha ya namna hiyo.

Programu ya fundi ilikataa kuzifungua. Ilibidi kwanza zipite kwenye kigeuzi kilichokuja nayo, na kila uso uliopita humo ulitoka laini na mweupe kama umepakwa majivu. Binti yangu alitafuta pa kukizuia kisifanye hivyo, hakupaona. Usipa walionekana kama wa plastiki.

"Waone, Baba! Umewafanya maiti!"

"Mbona wamependeza?"

"Nina siku mbili. Niruhusu niiondoe hii, niweke ya mwalimu."

"Kompyuta ni ya nani?"

Akaondoa mikono kwenye mashine. "Yako."

"Basi."

Neno hilo ndilo ninalolijutia kuliko yote. Nilikuwa nimeshaona kwa macho yangu kwamba picha zimeharibika. Sikutaka tu nionekane nimekosea mbele ya mtoto niliyemlea.

Kompyuta za chuo zilikuwa na foleni, na alifika siku ya mwisho. Akawasilisha alichokuwa nacho. Mwalimu akaandika kwamba picha zimepotoshwa na haziwezi kupewa alama.

Nilipopata habari nilipanda basi kwenda Songea bila kumwambia, ile kompyuta nimeipakata. Mwalimu alikuwa kijana, akaniamkia shikamoo na kunivutia kiti. Nikamweleza yote, kwamba aliyechagua ni mimi na aliyekataza kubadilisha ni mimi.

"Nimekuelewa, mzee. Lakini nilisahihisha picha, sikusahihisha familia. Ilimpasa aje kwangu mapema."

"Nimemlea asitoe nje mambo ya nyumbani."

Akasimama, akanisindikiza mpaka mlangoni.

Nilimkuta binti yangu nje ya bweni lake. Hakuniamkia.

"Umefuata nini?"

"Nimeongea na mwalimu wako. Nimemwambia kosa ni langu."

"Akabadilisha alama?"

"Hapana."

"Basi umekwenda kujisafisha wewe."

Nilimkabidhi kompyuta, nikamwambia sasa ni yake, aweke atakacho. Aliipokea kwa mkono mmoja, kama mtu anavyopokea mzigo wa mwingine, akauliza kama nitawahi basi la kurudi. Nikasema bado lipo. Akaniambia nisilikose, akaingia ndani.

Mwaka ule aliurudia wote.