Kidonge cha Siku ya Ngazi

Fundi rangi huyu walimwita Twiga, kwa urefu wake na kwa kuwa kazi zote za juu zilikuwa zake. Tangu azimie mara mbili mwezi ule, kila alipoiona ngazi moyo ulimdunda, ila hakumwambia mtu, hata mkewe. Fundi anayeogopa ngazi huishia kupaka mageti, na Twiga mageti hayapendi.

Asubuhi ile alikuwa juu kabisa, anapaka dari la ukumbi wa shule, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, ameishika ngazi chini. Aliinama kuchovya rola. Alipoinuka, masikio yakaanza kuvuma na dari likafifia. Alijikaza kisabuni, lakini rola ikamponyoka, ikapiga sakafu kwa kishindo, na hapo ubishi ukamwisha.

"Shemeji, nashuka. Usiiachie ngazi."

Alishuka kwa kupapasa, mguu ukitafuta kila kidato. Alipokanyaga sakafu tu, akaanguka, akazimia.

Shemeji alifanya wafanyavyo wengi: alimwinua, akamkalisha wima ukutani, akampepea kwa kofia. Twiga alifumbua macho, akazimia tena. Muuguzi wa shule, mama asiye na mchezo, alikuja mbio, akamfokea shemeji amlaze mtu chali ili damu irudi kichwani, na miguu ya Twiga akaiweka juu ya ndoo ya rangi. Kisha akampima presha. Akapima tena, uso umemkunjamana.

Shemeji alisema bila shaka imepanda, maana jamaa ana presha ya kupanda na dawa anatumia. Muuguzi akatikisa kichwa. Ilikuwa imeshuka, tena vibaya. Akamuuliza Twiga amemeza nini.

"Vidonge viwili," Twiga alijibu kwa sauti ya chini. Siku nyingine alimeza kimoja, kama daktari alivyoagiza. Siku za ngazi alimeza viwili, ili presha isije ikamwangusha.

Muuguzi aliuliza zile mara za mwanzo alizimia siku gani. Twiga akazikumbuka zote mbili. Zilikuwa siku za ngazi.

"Nani alikushauri?"

Hapo ndipo Twiga alipoona uchungu. Kidonge cha pili, alisema, alipewa na mkewe, mlangoni, pamoja na glasi ya maji, na mkewe hakumpisha mpaka akimeze. Alimgeukia shemeji, akamsihi asimwambie dada yake ukweli. Aseme ni njaa tu.

"Akisikia umeanguka na hajui sababu," muuguzi alisema, "kesho atakupa vitatu."

Shemeji aliinamisha kichwa, akatoa simu yake mfukoni, akabonyeza namba ya dada yake na kumpa Twiga. Mkewe alipokea papo hapo, roho juu, akauliza kuna nini saa za kazi.

"Mama watoto, niko chini, mzima," Twiga alisema, miguu bado iko juu ya ndoo. "Kaa kwanza. Nataka tuzungumze habari ya kile kidonge cha mlangoni."