Kumbikumbi wa Kwa Mwalimu Mkuu

Siku ya kwanza kazini sikupewa msumeno. Nilipewa bisibisi. Nilikuwa nimetembea tangu alfajiri kuja kuomba useremala kwenye karakana ya misheni, Mbinga, na Fundi Mkuu, mtu mfupi mwenye mikono kama koleo, alinitazama miguu kabla ya uso.

"Shikamoo, Fundi Mkuu."

"Marahaba. Umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la tatu."

"Afadhali, kichwani kuna nafasi. Haya, miimo ile sita imetoka kwenye nyumba ya zamani. Niambie upi mzima."

Miimo ni zile mbao za pembeni zinazoshika mlango. Nikachagua uliopakwa rangi vizuri kuliko yote. Fundi Mkuu akauegemea kwa bega, ukakatika kama mkate mkavu. Ndani hamkuwa na mbao, mlikuwa na udongo. Mafundi wakacheka mpaka randa zikasimama.

"Umetuchagulia maiti aliyevaa suti," akasema. "Mchwa hali rangi, kijana. Anakula ndani, anakuachia ganda ulisifie. Acha kutazama. Gonga."

Nikagonga kwa mpini wa bisibisi wiki nzima. Mbao nzima hujibu ko, ko. Iliyoliwa husema bu, kama mtu anayekujibu ana ugali mdomoni. Ukikuta unga mkavu chini ya kiti, huyo ni bungua, mdudu mwingine. Mchwa haachi unga, anaacha udongo. Ukiona mstari wa udongo umepanda ukutani, mnene kama penseli, hiyo ni barabara yake. Ivunje kidogo, rudi kesho. Ikiwa imezibwa, wenyewe wamo. Wasomi husomea haya miaka mingi. Mimi niliyapata kwa masikio.

Baadaye nilihamishiwa Namswea, kukagua maghala. Kule wanaegemeza magunia ya kahawa ukutani. Mtu anatazama mali yake, anafurahi, na barabara ya mchwa iko nyuma ya magunia. Bwana mmoja alinyanyua gunia kwa mbwembwe mbele ya wakwe zake. Gunia likaja, kahawa ikabaki chini. Tangu siku hiyo nikisema wekeni magunia juu ya kichanja, mbali na ukuta, walinisikia.

Watu wa Lundo, kule ufukweni mwa ziwa, hawakunisikia.

Nilikuwa nimeshapanda cheo, nakagua nyumba za walimu chini ya Msimamizi wa Majengo, mtu wa makaratasi asiyependa kelele. Mvua za kwanza zilikuwa zimenyesha. Nilifika kwa Mwalimu Mkuu mchana, mkewe akaniwekea sahani ya kumbikumbi wa kukaanga, wana chumvi yao, wanalia mdomoni.

"Mama, hawa mmewapata kichuguu gani?"

"Kichuguu cha nini, baba? Mwaka huu Mungu katuletea ndani! Wametoka kwenye kona ya chumba cha bibi, sisi tumekinga beseni tu."

Nilimaliza sahani kwanza, sitadanganya. Kisha nikaomba kuona chumba. Kumbikumbi ni mchwa walioota mbawa. Wakitoka sakafuni kwako, kiota kiko chini yako, na hakikuanza jana. Dirishani mbawa zilikuwa zimejaa. Mlango ulikwama. Na juu ya kitanda cha bibi, mama mzazi wa Mwalimu, ilipita boriti ya rangi ya mafuta, inang'aa. Nikapanda kwenye kiti, nikagonga. Bu.

"Mwalimu, bibi asilale hapa leo."

"Boriti hiyo niliipaka mwenyewe. Wewe umeishia darasa la ngapi vile?"

"La tatu. Boriti haijaniuliza."

Akalalamika kwa Msimamizi, naye akaja kwa pikipiki, amekunja uso. "Bwana Bisibisi," akaniambia mbele ya watu, "ukitoboa mbao nzima ya misheni, kazi huna."

Nilikuwa na watoto wanne nyumbani. Nikashusha bisibisi. Bibi, aliyekaa kitandani akitafuna kumbikumbi wake, ndiye aliyeamua. "Mwacheni achome, nijue kama nalala au nahama!"

Nikamwomba asogee, nikasukuma. Bisibisi ikazama mpaka kwenye mpini, na kipande kirefu kama mkono wangu kikaanguka katikati ya mto wake, udongo mtupu.

Bibi akamgeukia Mwalimu. "Mwanangu, wewe ulisoma mpaka wapi vile?"

Hata Msimamizi alicheka. Tulichimba ile kona tukamtoa malkia, mnene kama kidole gumba, tukapandisha boriti mpya, ncha zake tumezipaka oili chafu. Bibi akalala.

Sasa nimestaafu, nipo Mbinga kwenye nyumba niliyoijenga kwa mikono hii. Vijana wananitumia picha za kuta zao kwenye simu. Nawaambia picha hailii, gongeni. Mwalimu naye amestaafu, yuko kule kule Lundo, kwenye nyumba ile ile aliyouziwa, na kila mvua za kwanza hunitumia ndoo ya kumbikumbi kwa basi. Mwaka huu alibandika karatasi juu, mwandiko wa ubaoni: "Wametoka nje. Hatua arobaini kutoka ukutani. Nimepima."

Nikampigia. "Asante, Mwalimu. Na boriti je?"

"Subiri."

Nikasikia kiti kikiburutwa, mzee akikohoa akipanda. Kisha, kwa mbali, ko, ko, ko.

"Nzima," nikamwambia, nikarudi kwenye sahani.